Kibuyu cha Bibi Syabumi

"Kibuyu hujazwa na kilichobaki."

Mama Anyitike aliyasema maneno hayo huku akiwamiminia mtindi vijana wa kwaya waliofika kwake baada ya mazoezi. Hakumtazama mtu. Lakini muda mfupi tu kabla ya hapo Gwamaka, aliyeanza kazi kiwanda cha chai mwezi ule, alikuwa amewatangazia wenzake kwamba Jumapili ya mavuno mshahara wake wa kwanza wote ataumalizia kwenye mnada wa kanisa, isibaki hata ya sabuni.

"Samahani, Mama," Gwamaka akasema, "kibuyu si hujazwa na maziwa?"

"Na ng'ombe naye umtaje, asinune," Atuganile akadakia, na wote wakacheka.

Mama Anyitike naye alicheka. Akaketi kwenye kigoda, akakipakata kibuyu kama mtu anavyompakata mtoto aliyeshiba, akawaambia wanywe polepole, kwa sababu maneno yale yana wenyewe, na kabla ya kuwa methali yalikuwa machozi ya mtu. Chanzo chake ni hiki.

Zamani kidogo, kabla lami haijafika kijiji cha Isyeto, chini ya Mlima Rungwe, palikuwa na mwalimu kijana aliyeitwa Subilaga. Alikuwa ametoka chuoni mwaka uleule, akapangiwa shule ya kijijini kwao, akakaa kwa bibi yake mzaa mama, Bibi Syabumi. Mama yake Subilaga alikuwa mtoto pekee wa Bibi, naye alikwisha kufariki. Basi katika nyumba ile waliishi wawili tu, bibi na mjukuu, pamoja na ng'ombe mmoja na kibuyu kimoja.

Kibuyu hicho kilining'inia jikoni karibu na meko, cheusi kwa moshi, laini kwa kushikwa na mikono mingi. Ndani yake ndimo Bibi alimogandishia mtindi. Majirani waligandisha kwenye sufuria, na kesho yake mtindi wao ulijitenga maji na kuwa mkali wa kukunja uso. Mtindi wa Bibi ulikuwa mzito, mtulivu, wenye harufu ya mbali ya moshi, na haukuharibika upesi. Siku ya soko watu walimngoja. Kwa mtindi huo alimsomesha Subilaga, na kwa mtindi huohuo sasa, miguu ikiwa imelikataa shamba, alinunua chumvi, mafuta ya taa na dawa.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba kibuyu hushikwa na mwanamke mmoja tu, mpaka siku atakapomkabidhi mwingine. Kwa hiyo Subilaga alikua akikitazama kwa mbali. Alijua kwamba kila siku ya soko kikombe cha kwanza Bibi alikitenga, na fedha yake ilikwenda kanisani. Baada ya hapo aliuza, kisha wakanywa wao. Na mtu akinyoosha kikombe aongezwe, Bibi alikiinua kibuyu, akakitikisa kidogo karibu na sikio lake, akasema, "Inatosha."

Na ndani kitu kilikuwa bado kinasikika.

Tangu utotoni Subilaga aliliona neno lile kuwa la aibu. Alimpenda Bibi kuliko mtu yeyote duniani, lakini moyoni alijiambia, "Bibi yangu ni mkono wa birika." Akaapa kwamba yeye hatakuwa hivyo. Alikuwa na moyo mwororo. Akiombwa hakujua neno la kukataa, na mara nyingi alitoa kabla hata ya kuombwa, ili mwombaji asipate taabu ya kuinamisha uso. Huko chuoni, katika maombi ya wanafunzi, alikuwa ameamua kumfuata Bwana kwa moyo wake wote. Aliona kwamba kuweka akiba ni kama kumwambia Mungu, "Sina hakika na kesho yako." Basi mshahara wake ulipoingia ulitoka kama maji ndani ya pakacha.

Jumapili ya mavuno ikafika. Katika kanisa lao watu walileta walichonacho: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo, boga. Baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa nje, na mnunuzi aliyependa alikirudisha kitu alichokinunua ili kinadiwe upya. Mwaka huo walitafuta fedha za mabati, maana paa lilikuwa limeoza, na mvua za Rungwe zikinyesha waumini waliimba huku wakihama kutoka benchi hadi benchi. Mnadi alikuwa Mzee Mwaisaka, mzee wa kanisa ambaye hata kwenye mazishi watu walijizuia wasimtazame, wasije wakacheka.

"Yai!" akapaza sauti, amelishika kwa vidole viwili. "Yai la Mama Mbutolwe! Kuku wake hatagi bila kuomba! Nani anaanza?"

Subilaga akanyoosha mkono. Akalinunua kwa bei ya kuku.

"Narudisha," akasema taratibu. "Liuzwe tena."

"Mwalimu karudisha! Yai limefufuka, jamani! Nani anamzidi Mwalimu?"

Mtu mmoja akaongeza kidogo. Subilaga akamzidi, akalichukua, akalirudisha. Akina mama wakapiga vigelegele. Mnadi akalinadi tena, Subilaga akalinunua tena. Kijana mmoja aliyesimama nyuma akapiga kelele, "Mwalimu, hilo lina kiini cha dhahabu au umemwona kifaranga humo ndani?" Watu wakaangua kicheko, na vigelegele vikaongezeka, na wimbo ukaanzishwa. Subilaga, ambaye kwa kawaida aliona haya hata kusoma matangazo mbele ya watu, alijisikia mwepesi kama unyoya. Alipofungua pochi mara ya mwisho, ilikuwa imebaki ngozi tupu. Yai lile, lililopita mikononi mwa watu wengi, likateleza na kupasuka miguuni pa Mzee Mwaisaka.

"Limekwenda mbinguni moja kwa moja," mzee akasema, na mnada ukaendelea na jogoo.

Bibi Syabumi alikuwa ameketi miongoni mwa wazee wenzake. Alitoa fedha ya kikombe chake cha kwanza, kama siku zote. Njiani kurudi nyumbani hakusema kitu juu ya yai. Aliuliza tu, "Na mwezi bado mchanga, mjukuu wangu?"

"Mungu yupo, Bibi."

"Yupo," Bibi akaitikia, kwa sauti ya mtu anayemfahamu.

Wiki ile shule zilikuwa zimefungwa. Bibi akaitwa msibani ng'ambo ya mto, akaenda na wenzake kukaa na wafiwa. Siku aliyoondoka, mchana, mvua ikinyesha, wageni wakabisha hodi: mchungaji, pamoja na watumishi kutoka makao makuu ya jimbo waliokuja kulitazama kanisa. Walikuwa wamelowa hadi mifupa. Subilaga akawakaribisha, akawasogezea moto, akaingia jikoni, akasimama hapo bila kujua la kufanya. Majani ya chai hakuna. Sukari hakuna. Pochi alijua ilivyo.

Akainua macho, akakiona kibuyu.

Hakuwahi kukishika. Lakini wageni wa Bwana walikuwa wanatetemeka barazani, na Bibi hayupo. Akakifungua kamba, akawamiminia. Wakanywa, wakatazamana, wakanyamaza kama watu waliosikia habari njema. Mmoja wao, mzee mwenye mvi, akanyoosha kikombe.

"Binti, samahani. Upo mwingine?"

Subilaga akakiinua kibuyu, akakisikia kikicheza ndani. Neno la Bibi likamjia mdomoni, naye akalimeza. Akakiinamisha kabisa, akakipigapiga kitako kwa kiganja, mpaka tone la mwisho, lile zito, likadondoka katika kikombe cha mgeni. Na moyo wake ulikuwa na furaha sana.

Walipoondoka alitaka kuukamilisha wema wake. Akachemsha maji, akatafuta kipande cha sabuni kilichosalia, akakisugua kibuyu kwa ndani kwa sabuni na mchanga hadi harufu yote ikatoka. Mvua ilipokatika akakianika juani, juu ya uchanja, mdomo ukiangalia chini. Kiling'aa. Alidhani Bibi atafurahi.

Bibi alirudi kutoka msibani akiegemea mkongojo wake. Alikuwa bado hajafika mlangoni alipokiona. Akasimama. Akaenda hadi uchanjani, akakishusha, akaweka pua yake mdomoni mwa kibuyu, akavuta pumzi. Kisha akaketi chini, palepale kwenye nyasi mbichi, na khanga yake safi ya msibani.

"Nani amekiosha?"

"Ni mimi, Bibi. Walikuja wageni, mchungaji na watu wa jimbo. Walikunywa, Bibi! Wakataka tena. Sikutaka kuwanyima."

"Umefanya vizuri kuwapa." Bibi akakigeuza kibuyu mikononi. "Ukabakiza nini?"

"Sikubakiza kitu. Nilitoa kwa moyo wote."

"Kwa moyo wote, ndiyo, ndivyo inavyotakiwa. Lakini kibuyu chote, mwanangu, nani alikuambia?"

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Akamweleza mjukuu wake, polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Mtindi ule haukuwa wa juzi wala wa jana. Bibi yake Bibi aliuleta kutoka upande wa pili wa mlima, wakati wa njaa, akikibeba kibuyu mgongoni kwa mbeleko kama mtoto, na wenzake wakimcheka kwamba amebeba maziwa machafu badala ya mahindi. Tangu siku hiyo hakijawahi kukaushwa. Kila jioni maziwa mapya yalimwagwa juu ya yale machache ya jana, na yale machache yakayafundisha mapya kuwa mtindi. Wazee waliyaita mbegu. Kilichokuwa kinasikika ndani, Bibi aliposema "inatosha", kilikuwa hicho.

Subilaga akakipokea kibuyu, akakinusa.

"Mama yangu hakuwa nayo?"

"Alikuwa nayo. Kibuyu chake kilipasuka mwaka uleule aliotuacha."

Jioni ile Bibi alikifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto kama kawaida, akamwaga maziwa mapya, akakining'iniza. Maziwa yakachacha, yakawa machungu, yakatoa harufu ambayo hata mbwa aliikunjia pua. Akamwaga, akajaribu tena. Yakawa vilevile. Siku ya soko ikafika, na kwa mara ya kwanza watu wa Isyeto walipaona mahali pa Bibi Syabumi pakiwa patupu. Chumvi ikaisha nyumbani. Dawa ya miguu ikaisha, na Bibi akawa anaamka kwa kushika ukuta. Wala Subilaga hakuwa na kitu cha kumnunulia, maana mshahara wa mwezi ulikuwa umepasukia miguuni pa Mzee Mwaisaka.

Siku moja asubuhi alimkuta Bibi amekipakata kibuyu kitupu. Akapiga magoti mbele yake, akalia.

"Bibi, mimi nilifikiri kubakiza ni kukosa imani."

Bibi akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Bwana alipowashibisha watu wale wengi kule nyikani, kwa mikate michache ya mtoto, watu walipokwisha kushiba aliwaambia wanafunzi wake wafanye nini?"

Subilaga alikuwa amelifundisha somo hilo darasani. "Waokote vipande vilivyobaki."

"Kwa nini? Mikate ingemshinda kesho yake?"

"Hapana, Bibi."

"Basi. Yeye mwenyewe, mwenye ngano yote, ameinama anaulizia vipande." Macho ya Bibi yalikuwa yakitazama mbali, kupita ukuta. "Mimi nikikumbuka hilo, mwanangu, naogopa hata kumwaga maji ya kunawia. Kama Bwana hakudharau kilichobaki, mimi ni nani?"

Subilaga akainua uso. Alikuwa amelisoma jambo lile mara nyingi, na siku zote macho yake yalikimbilia ile mikate ikiongezeka. Vile vikapu vya vipande hakuwahi kuviona. Sasa aliviona vimejaa, vimepangwa kwenye nyasi, na Bwana akivitazama.

Ndipo Bibi akakumbuka. Kabla Subilaga hajazaliwa, mwanamke mmoja aliyefiwa na mume, aliyenyang'anywa kila kitu na ndugu za marehemu, alipita Isyeto na mtoto mgongoni. Aliitwa Mama Lugano. Alikaa kwa Bibi msimu mzima, na alipoondoka kwenda juu mlimani, kwenye mashamba ya viazi, Bibi alimpa kibuyu kidogo chenye kata moja ya mbegu.

"Sijui kama yu hai. Sijui kama alikitunza," Bibi akasema. "Kata moja tu. Ilikuwa zamani."

Kesho yake alfajiri Bibi alikifukiza kibuyu, akakifunga kwa mbeleko mgongoni pa mjukuu wake. Hakusema kwamba anamkabidhi. Alikaza fundo tu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Subilaga akapanda. Migomba ikaisha, mashamba ya chai yakaisha, baridi ikaanza, ukungu ukamfunika hata asiione njia mbele yake. Aliuliza katika kila nyumba. Watu walicheka kumwona mwalimu amebeba kibuyu kitupu kama mtoto, naye, aliyezoea kuona haya, safari hii hakuona haya. Mchana, mkulima mmoja wa viazi akamwelekeza kwenye nyumba iliyokaa ukingoni mwa msitu wa mianzi.

Aliyetoka alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umebeba mtoto asiyelia?"

"Nimetumwa na Bibi Syabumi wa Isyeto."

Utani ukakatika. Mama Lugano akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha karibu na moto, akashusha kibuyu kutoka kwenye mti wa paa. Akakizibua.

Harufu ikatoka, na Subilaga akafumba macho. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa Bibi. Ilikuwa harufu ya utoto wake, ya mama yake akiinama kumfunga kamba za viatu. Alikuwa amesafiri toka alfajiri, akapanda mpaka mawinguni, akajikuta nyumbani.

"Alinipa kata moja," Mama Lugano akasema. "Nikamwambia, Mama, mimi sina cha kukulipa. Akasema, usinilipe, usikikung'ute tu. Kulikuwa na mwaka wa njaa hapa, nikabaki na mtoto anayelia na hicho kidogo cha chini. Nilikitazama, mwanangu! Nikakitazama tena. Nikaenda kumwomba jirani maziwa ya kukitilia juu. Sikukikung'uta."

"Mimi nilikikung'uta," Subilaga akasema, na machozi yakamtoka upya.

"Najua. Ndiyo maana umekuja." Akamwinua. "Njoo uone kitu."

Wakasimama mlangoni. Upepo ulikuwa umeuondoa ukungu, na mteremko wote ulionekana chini yao: nyumba na nyumba, na kutoka katika kila paa moshi mwembamba ukipanda kwenye hewa ya baridi.

"Ule moshi wa kwanza ni wa mwanangu Lugano. Ule ni wa mkamwana wangu. Ule wa jirani aliyenipa maziwa mwaka wa njaa, nilimpa kata. Wale pale ni ndugu zake. Na kule chini kabisa siwajui, lakini nao wanayo, wamepeana. Kila unapoona moshi, pana kibuyu, na kila kibuyu kina kata ile ya bibi yako."

Subilaga alitazama. Kwa miaka yote hiyo Bibi alikuwa akiketi jikoni kwake Isyeto, akisema "inatosha", na watu wakimwona mkono wa birika, huku mlima mzima ukinywa kutoka mkononi mwake. Aliwaza juu ya yai. Alikuwa amelitoa mara nyingi mbele ya watu wote, kwa vigelegele, na halikumlisha mtu wala halikuangua kifaranga. Na Bibi alitoa kata moja, pasipo mtu kupiga makofi, akabakiza nyingine, na zote mbili zikaishi. Alijisikia kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu.

Mama Lugano akammiminia mbegu. Ilifunika kitako cha kibuyu tu. Akamfungia na viazi vya kuchoma njiani, akasema, "Mwambie Bibi, hiki si changu. Nilikuwa namtunzia."

Katika mteremko wa mwisho, kabla ya mashamba ya chai, Subilaga alimkuta mwanamke ameketi kando ya njia na mtoto aliyechoka kulia.

"Dada, humo mna maziwa? Mwanangu hajatia kitu kinywani tangu asubuhi."

Moyo wa Subilaga ukaruka kama ulivyozoea. Mkono ukaenda kwenye fundo la mbeleko. Ukasimama hapo. Hakuwahi kusema hapana maishani mwake, na mtoto alikuwa akimtazama.

"Hii ni mbegu, dada yangu," akasema. "Siwezi kuitoa. Lakini chakula ninacho."

Akakaa nao, akawapa viazi vyote, akammenyea mtoto kimoja kimoja mpaka akashiba. Yeye mwenyewe akashuka na njaa. Na kibuyu kikacheza taratibu mgongoni pake, kikisikika.

Bibi alikuwa mlangoni. Alikichukua kibuyu, akakizibua, akavuta pumzi, na uso wake ukakunjuka, makunyanzi yote. "Ndaga," akashukuru kwa lugha ya kwao, "ndaga fijo," hata isijulikane kama anamshukuru mjukuu, au Mama Lugano, au Mungu. Ng'ombe akakamuliwa. Maziwa ya moto yakamwagwa juu ya kile kidogo kilichofunika kitako. Asubuhi wakakizibua pamoja. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni mtindi mzito, mtulivu, wenye harufu ileile.

Subilaga alipiga magoti mbele ya kibuyu kile kama vile yupo kanisani.

"Kumbe," akasema kwa kunong'ona, "kibuyu hujazwa na kilichobaki."

"Sema tena," Bibi akasema. "Masikio yangu ni ya kizee."

Siku ya soko Bibi akawaambia watu, na watu wa soko hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Mshahara uliofuata, Subilaga alitenga kwanza sehemu ya Bwana, kama kikombe kile cha kwanza. Akanunua dawa ya Bibi na mahitaji ya nyumbani. Akawapa wahitaji, maana moyo wake haukugeuka jiwe. Kisha, alipoona pochi inakaribia kukauka, akaitikisa karibu na sikio lake, akacheka peke yake, akasema, "Inatosha." Kile kidogo hakukigusa. Mwezi uliofuata akakitilia juu yake, na mwingine tena.

Jumapili ya mavuno ya mwaka uliofuata alinunua yai mara moja tu, akalirudisha. Mzee Mwaisaka akamngojea na mkono hewani.

"Mwalimu! Mbona leo yai halifufuki? Imani imepoa?"

"Kibuyu hujazwa na kilichobaki, Mzee wangu," akajibu kwa upole, na watu wakacheka, na wengine wakanong'onezana kwamba mwalimu amekuwa kama bibi yake. Aliona haya, akainamisha uso, lakini pochi hakuifungua.

Mabati yale hayakutosha mwaka huo, wala uliofuata. Lakini mwaka uliokuja baadaye, mnada ulipokuwa unakwisha na wingu jeusi likishuka kutoka mlimani, Subilaga alikuja akivuta kamba. Nyuma yake alitembea ndama jike, mnene, mwenye doa jeupe usoni. Kile kidogo kilikuwa kimenunua mtamba, na mtamba alikuwa amezaa.

Mzee Mwaisaka, mtu asiyekosa maneno, alimtazama ndama, akamtazama Subilaga.

"Na mama yake?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Amebaki nyumbani, Mzee," Subilaga akasema. "Mwakani atazaa mwingine."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walisimama tu kimya, kama wanavyosimama wakati wa baraka, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuwadondokea. Wenye kuona mbali walikuwa wamekwisha kusikia mvua hiyo ikipiga juu ya mabati mapya.

Mama Anyitike akakiweka sawa kibuyu. Kila kijana wa kwaya alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Hatimaye Gwamaka akakinyooshea kidole kibuyu kilichokuwa mapajani pake.

"Mama, hicho ndicho kile?"

"Kile kilipasuka zamani, mwanangu. Vibuyu hupasuka. Lakini mama mkwe wangu, siku alipoolewa, alipewa kata na Mwalimu Subilaga mwenyewe." Akaviangalia vikombe vyao. "Mnachokunywa ndicho alichobeba bibi yake Bibi Syabumi, wakati wa njaa."

Gwamaka alikitazama kikombe chake kwa muda mrefu. Kilikuwa kimebaki weupe tu. Kwa mazoea akakinyoosha aongezwe. Mama Anyitike akakiinua kibuyu, akakitikisa kidogo karibu na sikio lake, na wote wakakisikia kikicheza ndani.

Gwamaka akaurudisha mkono wake kabla hajaambiwa.

"Inatosha, Mama," akasema. "Kibuyu hujazwa na kilichobaki."